TUSOME, TUPIME, TUSEME KWELI
(Mada iliyosomwa mbele ya vijana wa Turbo baada ya swala ya alasiri)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada, mada yangu leo ni vitabu. Si kuvisoma tu, maana hilo tumeusiwa sana. Nataka tuzungumze juu ya kazi inayokuja baada ya kusoma: kumwandikia mwenzako, bila kuficha, kitabu hiki kina nini, uzuri wake ni upi na kasoro yake iko wapi.

Mwezi huu vijitabu vya saumu ni vingi. Katika vingi utakuta hadithi isemayo kuwa mwanzo wa Ramadhani ni rehema, katikati ni maghfira, na mwisho ni kuachwa huru na Moto. Ibn Khuzayma, aliyefariki mwaka 311 Hijria, ameipokea katika Sahihi yake. Lakini tazameni alivyofanya: kwenye kichwa cha mlango ule aliongeza tahadhari, kwamba ni iwapo habari yenyewe imesihi. Wanazuoni wengi waliokuja baadaye waliidhoofisha, kwa kuwa katika wapokezi wake yumo Ali bin Zayd bin Jud'an.

Sasa vijitabu vyetu vimeichukua hadithi na kuiacha tahadhari! Hakuna anayekataa kuwa Ramadhani ni mwezi wa rehema. Neno ni kumnasibishia Mtume (S.A.W.) kauli ambayo haikuthibiti. Mwandishi amenakili, sisi tumenunua, na nani kati yetu ameandika hata mistari mitatu kumzindua atakayenunua kesho?

Kuna atakayesema: "Kumkosoa mwandishi si ndiyo kusengenya, na isitoshe tumefunga?" Swali zuri. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Riyadhus Salihin aliweka mlango wa kuharamisha gibah, kisha akaweka mlango wa gibah inayoruhusiwa, akataja sababu sita. Moja ni kuwatahadharisha Waislamu na kuwapa nasaha, na humo ndimo alimotia kutaja kasoro za wapokezi wa hadithi. Ali bin al-Madini, mwalimu wa Imam Bukhari, aliulizwa juu ya baba yake mzazi. Akawaambia wamuulize mtu mwingine. Walipong'ang'ania, akajibu kuwa hii ni dini, na baba yake ni dhaifu. Baba yake, jamani! Na sisi twaogopa kusema juu ya kijitabu cha shilingi mia.

Tuje huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1953 ilitoka Nairobi tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya. Sheikh Abdalla Saleh al-Farsy wa Zanzibar, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, hakuiridhia. Lakini hakuishia kulalamika barazani. Alizifuata aya zenyewe, akaandika anapokataa na kwa nini anakataa, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake kamili, Qurani Takatifu. Akubaliye na asiyekubali wote waweza kufungua na kupima, kwa sababu hoja ziko kwenye karatasi na mwenyewe ametia jina lake.

Basi nasi tukiandika tuwe na adabu. Kwanza, soma kitabu chote. Usihukumu kwa jalada. Pili, taja ukurasa na sababu. Kusema tu "kitabu hiki hakifai" hakumsaidii mtu. Tatu, sema juu ya kitabu, wala usiingie nyumbani kwa mwandishi. Nne, usilolijua muulize ustadhi. Daraja ya hadithi si kazi ya kila mtu, lakini kila msomaji aweza kuona kama mwandishi ametaja alikozitoa hadithi zake, kama Kiswahili chake kinaeleweka, na kama chapa inasomeka.

Tano, uadilifu. Suratul Maida, aya ya 8, yatukataza kuacha haki kwa sababu ya chuki. Na mapenzi pia yapotosha. Kukisifu kitabu kwa kuwa mwandishi ni mtu wa kwetu, au wa msimamo wetu, ni kupunja mizani.

Sisi wa Turbo twahitaji jambo hili zaidi. Vitabu vingi vya dini vyatufikia kutoka Nairobi na Mombasa, na mara nyingi mtu hulipa kabla hajakifungua. Mzazi hujinyima ili mtoto apate kitabu cha fiqhi. Je, si haki yake kujua kabla hajalipa?

Ombi langu ni dogo. Kabla ya Idi kila mmoja wetu asome kitabu kimoja na aandike ukurasa mmoja: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, bei, mema yake, kasoro zake, na kinamfaa nani. Tuzikusanye kurasa hizo, tuziweke madrasa, kila anayetaka kununua azisome kwanza. Wakiwa vijana 20, tutakuwa tumewapimia wenzetu vitabu 20.

Allah atujaalie ndimi na kalamu za kweli, na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.