Stakabadhi Si Hati


Sheria ya mwaka 1992 yasema kuwa ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma. Hata hivyo viwanja vyauzwa kila siku. Eka tatu walizogaiwa wakulima baada ya mwaka 1964, kwa sharti wasiziuze, zakatwa vipande pembezoni mwa mji. Mnunuzi hulipa, sheha hushuhudia, karatasi ikatiwa sandukuni.

Hatumlaumu mnunuzi. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012. Mwaka 2022 wakafika 893,169. Wakae wapi, ikiwa viwanja vilivyopimwa ni haba?

Lakini sisi wenye maduka twajua kuwa stakabadhi huthibitisha fedha zilizolipwa, haithibitishi kuwa mali ni halali ya muuzaji. Karatasi ya sheha ni vivyo hivyo. Na kila mtu akijenga hadi mpakani, maji ya masika hayana pa kupita, wala jeneza halipiti.

Basi twaitaka Serikali ipime kabla watu hawajajenga. Nasi, kabla ya kulipa, tuafikiane na majirani kuacha njia. Njia isiyoachwa leo, kesho itapatikana kwa kubomoa nyumba ya mtu.