Tuulize Chuma Kabla ya Kulipa

(Maneno tuliyosema katika mkutano wa vikundi)

Tumeombwa tuwaeleze vile kikundi chetu kilinunua gari kuukuu, maana vikundi vingi vinawaza jambo hilo.

Tulichanga miaka miwili ili tupate gari la kupeleka maziwa na mahindi sokoni. Mzee mmoja akatuletea Land Rover ya mwaka wa 1960. Akasema, "Injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani." Akaiwasha, ikawaka vizuri. Wengine wetu walitaka tulipe siku hiyo hiyo. Mweka hazina akakataa. Alisema, "Pesa hizi ni za watu. Kwanza tuone nambari."

Fundi akatuonyesha. Katika Land Rover hizo, nambari ya injini imegongwa kwenye bloki yenyewe, upande wa kushoto ukikaa kama dereva, kwa mbele, karibu na pale moshi unapotokea. Tulitoa grisi kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, tukapaka chaki, tukapangusa. Nambari ikajitokeza nyeupe. Msitumie tupa, msije mkaifuta. Na mkikuta mahali hapo pamesagwa, au tarakimu zimepindapinda, simameni hapo hapo.

Sasa sikilizeni. Injini za petroli za lita 2.25 za Series II, gari lililoanza 1958, nambari zake zilianza na 151. Series IIA ilipoingia mwaka wa 1961, zikaanza na 251. Logibuku ya mzee ilisema 151. Chuma kilisema 251. Kumbe gari ni la 1960, lakini injini ilizaliwa baadaye!

Mmoja wetu akapaza sauti, "Hata nambari ya chesisi haifanani na ya injini! Ni ya wizi!" Hapana, jameni. Katika magari hayo nambari hizo mbili hazikufanana tangu kiwandani. Linalotakiwa ni kila moja ifanane na ile iliyoandikwa kwenye logibuku.

Kubadilisha injini si kosa. Gari la miaka mingi hivyo, injini huchoka. Lakini kama injini imeibwa kwingine, mwenyewe akija ataichukua, na jasho letu limekwenda.

Mzee hakuwa mwongo. Naye aliuziwa hivyo, hakuangalia. Tulimwambia kwa heshima, "Baba, tutangoja." Akaenda kumtafuta aliyemuuzia, akarudi na risiti ya injini ile, kisha akasahihisha logibuku. Bei pia akapunguza, kwa kuwa injini haikuwa ile ya kwanza. Ndipo tukalipa.

Basi tunawaomba mfanye hivi:

1. Mwone logibuku, na mhakikishe rekodi za gari kwa NTSA.
2. Wanachama wawili wasome nambari ya injini na ya chesisi kwa macho yao, waziandike.
3. Zikitofautiana na logibuku, muulize risiti ya injini.
4. Msitoe hata shilingi ya kushikilia gari kabla karatasi hazijanyooka.

Siku ile tulimnung'unikia sana mweka hazina wetu. Leo, kila gari likipita na mitungi ya maziwa, ni yeye tunayemshukuru.