Sauti Isizidi Gorogoro
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya Kisii na Nyamira)



Leo hatusemi juu ya kuku wala mbegu. Tunasema juu ya kurekodi sauti, kwa sababu vikundi vingi siku hizi vina simu au kinasa sauti kidogo, na wazee wanaojua kupiga obokano wamebaki wachache.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Tulimrekodi mzee mmoja huko Nyamira. Mwanzoni aliongea polepole, tukafungua kitufe mpaka juu ili tumsikie vizuri. Kisha akakamata obokano yake, zile nyuzi nane zikanguruma, akina mama wakapiga vigelegele. Taa nyekundu ikawaka. Tukasema, aa, ni sawa tu, hata kwenye kaseti sindano ilikuwa ikiingia nyekundu na hakuna aliyekufa. Tulipofika nyumbani tukasikia mlio wa kupasuka tu, krr krr, tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Tukapanga kurudi. Kabla hatujarudi, tukaitwa matangani kwake.

Mbona kaseti ilikuwa ikituvumilia? Utepe ukizidishiwa sauti huilainisha kidogo kidogo. Mashine ya dijitali ni ya hesabu. Rekodi ya namna ya CD hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa namba. Namba kubwa kabisa ni 32,767. Juu yake hakuna nyingine. Ni kama gorogoro ya mahindi pale soko la Daraja Mbili: muuzaji akipitisha kijiti juu, kilichozidi kinaanguka. Ndivyo vichwa vya mawimbi ya sauti hukatwa. Ziko programu za kukisia kilichokatwa, lakini kukisia si kurudisha.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kuanza, mwombeni mzee apige ule wimbo wake wa nguvu zaidi, na akina mama wapige vigelegele kweli, si vile vya kuona haya. Hapo ndipo mpime. Kwenye kipimo, juu kabisa ni sifuri. Kelele kubwa ifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, na kamwe isipite 6. Hiyo nafasi msiionee uchoyo, maana watu wakichangamka hupiga kwa nguvu kuliko wakati wa majaribio. Sauti ikitoka ndogo, kompyuta itaiongeza baadaye.

Kama mashine ina kitufe cha kujirekebisha yenyewe, kizimeni. Mzee akinyamaza kidogo, hicho hupandisha kuku na mvua ya mabati. Akipiga tena, kinamkandamiza. Na mtu wa sauti ndogo asogezewe maikrofoni kabla ya kuanza. Msichezee kitufe katikati ya wimbo! Kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo ni kazi ya baadaye, tena kwenye nakala. Rekodi ya kwanza isiguswe.

Jumamosi ijayo tunakwenda kwa bibi mmoja mwenye hadithi nyingi. Kila kikundi kitume watu wawili. Tuonane saa mbili asubuhi, maana mchana huku kwetu mvua haibishi hodi.