Gari Lililosukumwa kwa Mikono



Mmeniuliza gari katika picha ile ya ukumbini lilikuwa likienda mwendo gani. Injini ilikuwa imezimwa! Vijana wawili walilisukuma, kiasi cha kilomita 4 kwa saa.

Kamera niliifunga kwenye ncha ya mlingoti mrefu, nao mlingoti ukashikizwa kwenye bodi kwa vikombe vya mpira vinavyonyonya. Hivyo kamera na gari vilikwenda pamoja, kama abiria wawili wa basi moja. Niliiacha ipokee mwanga kwa sekunde 2. Kwa muda huo gari hupita mita 2 na kitu, na gurudumu huzunguka mara moja hivi. Barabara ikageuka mistari, gari likabaki wazi kabisa. Mchana mwanga huzidi, basi lenzi huvikwa kioo cheusi. Mlingoti hufutwa baadaye kwa kompyuta.

Kuna mteja aliyetaka nifanye hivyo barabarani, kilomita 60 kwa saa. Nilikataa. Kwanza mtikisiko huharibu picha. Tena vikombe vikibanduka, mlingoti humwangukia mwenye baiskeli. Kazi akapewa mwingine.