UPANA WA TAIRI NI KIPIMO, SI PAMBO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliponiandikia, iliniomba nizungumzie utumishi wa umma. Nikawajibu kwamba utumishi wa umma wanafunzi watauona wenyewe siku wakija ofisini kutafuta saini. Nikaomba nizungumzie tairi la pikipiki. Mwenyekiti alidhani natania, lakini sikuwa natania.

Ninazo sababu mbili. Ya kwanza mnaijua. Baadhi yetu tuna pikipiki za zamani tulizoachiwa na wazee, na tumekubaliana kuziendesha pamoja kutoka Mbeya hadi Iringa. Huo ni mwendo wa kilomita zaidi ya 300, kupitia Uyole, Igawa, Makambako na Mafinga. Kila mwenye pikipiki kuukuu ameanza kuuliza: nifunge tairi gani? Sababu ya pili ni mdogo wangu. Nitaifikia.

Babu yangu alikuwa mwalimu wa shule ya kati. Mwaka 1964 alinunua pikipiki aina ya BSA Bantam D7. Vijana hawaijui, basi niieleze kidogo. Bantam zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, kuanzia mwaka 1948 hadi 1971. Mchoro wake wa asili ulikuwa wa Wajerumani, pikipiki ya DKW RT 125, ambao Waingereza waliuchukua baada ya Vita Kuu ya Pili kama sehemu ya fidia. D7 ni ya baina ya mwaka 1959 na 1966. Injini yake ni ya mipigo miwili, na nguvu zake hazifiki nguvu za farasi 8. Si mnyama mkali, lakini Babu alipanda nayo milima ya Rungwe kabla barabara kuu ya TANZAM haijawekwa lami, na ilimpeleka shule na kumrudisha.

Tairi zake ni 3.00-18, mbele na nyuma. Hebu tuzisome namba hizo pamoja, maana wengi huziona kila siku bila kuzisoma. 3.00 ni upana wa tairi kwa inchi, na 18 ni kipenyo cha rimu, kwa inchi pia. Katika tairi za kizamani za namna hii, kimo cha tairi kutoka kwenye rimu hukaribia kuwa sawa na upana wake. Siku hizi mtakuta pia namba kama 90/90-18. Hapo 90 ya kwanza ni upana kwa milimita, 90 ya pili ni kimo kwa asilimia ya upana, na 18 ni rimu ile ile. Anayetafuta tairi la kisasa badala ya 3.00-18 hutazama 80/100-18 au 90/90-18, halafu anapima kama linaenea.

Kipenyo cha rimu hakina mjadala. Pikipiki nyingi za Boxer za 150 mnazoziona mjini zina 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Tairi hizo zinapatikana kila duka, lakini haziingii kwenye rimu ya 18 hata ukizipaka sabuni ndoo nzima. Hapo hakuna mtu anayedanganyika. Tunajidanganya kwenye upana, kwa sababu tairi pana kuliko inavyotakiwa mara nyingi hukubali kuingia. Linaingia na linajaa upepo, kisha linakusubiri njiani.

Sasa nije kwa mdogo wangu.

Mwaka 2011 nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu na nimeanza kazi. Pikipiki ya Babu ilikuwa imelala, tairi la nyuma kipara. Nikaenda Mwanjelwa kutafuta jingine. Nililipenda tairi moja la kashata, 3.50-18, lenye meno marefu. Nilifikiri hivi: kwetu ni matope, tairi pana litashika zaidi, na tena linapendeza. Fundi mmoja mtu mzima akaitazama rimu yangu akasema, "Mwanangu, rimu hii ni nyembamba kwa tairi hilo." Nikamjibu kwamba tofauti ni nusu inchi tu. Sikumwambia kwamba nina digrii, lakini nadhani alilisikia hilo katika sauti yangu. Akalifunga kama nilivyotaka. Baina ya meno ya tairi na madigadi ilibaki nafasi isiyopitisha kidole kidogo.

Mwezi Machi, mvua zikiwa bado kubwa, mdogo wangu aliichukua kwenda Kitulo kuleta mbegu za viazi. Akirudi, akiteremka kuelekea Isyonje kwenye udongo uliolowa, matope yalijaza ile nafasi ndogo chini ya madigadi. Yakashindiliwa mpaka gurudumu la nyuma likakwama ghafla, kama mtu aliyekanyaga breki yote. Alianguka na pikipiki ikamlalia. Mguu ulivunjika mahali pawili. Alikuwa na umri wa miaka 19. Mpaka leo anachechemea, na kazi ya jeshi aliyokuwa akiitamani hakuipata.

Ndugu zangu, simlaumu aliyeniuzia tairi. Aliuza tairi zima na jipya. Simlaumu fundi, maana alinionya. Aliyekosa ni mimi, na nilikosa kwa sababu nilichagua kwa macho kitu kinachochaguliwa kwa rula.

Baada ya hapo nilijifunza, tena mwalimu wangu alikuwa huyo huyo mdogo wangu, ambaye sasa ni fundi. Yale aliyonifundisha nayaweka mbele yenu kwa mpango.

Kwanza, pima rimu. Upana wa rimu hupimwa ndani, kutoka ukuta mmoja unapokaa ukingo wa tairi hadi ukuta wa pili. Usipime nje kwa nje. Rimu za Kiingereza za zamani zina alama: WM1 ni inchi 1.60, WM2 ni 1.85, WM3 ni 2.15. Tairi la 3.00 hukaa vizuri kwenye rimu ya 1.60 hadi 2.15. Tairi la 3.50 hutaka kuanzia 1.85. Rimu ya Babu ni WM1. Ukilifunga tairi pana kwenye rimu nyembamba, kingo zake zinavutwa pamoja na mgongo wake unachongoka. Hapo sehemu inayogusa lami ni ule mstari wa katikati, nao huisha upesi. Mbavu za tairi hazina egemeo, kwa hiyo pikipiki inayumba kwenye kona kama mlevi anayejikaza. Na ukifanya kinyume, tairi jembamba kwenye rimu pana, mgongo unakuwa bapa na ukilaza pikipiki kidogo tu unakuwa umefika ukingoni.

Pili, pima nafasi. Zungusha gurudumu polepole na utazame mahali panne: mikono ya nyuma inayolishika gurudumu kulia na kushoto, mnyororo, na madigadi juu. Kumbuka kwamba mnyororo ukikazwa gurudumu hurudi nyuma, na shokapu zikibonyea gurudumu hupanda juu. Mimi sikubali nafasi iliyo chini ya milimita 10 kwa barabara ya lami. Kwa Makete, Njombe na Rungwe wakati wa masika nataka mara mbili ya hiyo. Udongo wetu ule mwekundu hauna huruma.

Tatu, fanya hesabu ya mzingo. Wanafunzi, chukueni kalamu. Tairi la 3.00 kwenye rimu ya 18 lina kipenyo cha 3 na 18 na 3, yaani inchi 24. Tairi la 3.50 lina inchi 25. Mzingo umeongezeka kwa sehemu moja katika 24, yaani asilimia 4 na kidogo. Maana yake injini inasukuma gurudumu kubwa zaidi kwa meno yale yale ya gia. Kwa pikipiki yenye nguvu nyingi si kitu. Kwa injini isiyofika nguvu za farasi 8, inayopanda mlima na gunia la viazi, utashuka gia mahali ambapo Babu hakushuka.

Nne, usidanganyike kwamba tairi pana lina mguso mkubwa zaidi. Hili ni somo la kanieneo, mnalo kwenye daftari. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 120, na upepo ndani ni kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya: eneo linalogusa ardhi ni kama sentimita 60 za mraba. Badili upana wa tairi lakini acha mzigo na upepo vile vile, na jibu, kwa kukadiria, litabaki hilo hilo. Kinachobadilika ni umbo la mguso: unakuwa mpana na mfupi badala ya mwembamba na mrefu. Tena kwenye matope mepesi yaliyo juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hukata na kufika chini penye kushika, wakati pana huelea juu. Kwenye mchanga mkavu mambo hugeuka, na pana husaidia. Kwa hiyo anayekuuliza upana bora ni upi, nawe muulize: wa njia ipi?

Tano, mbele na nyuma vipatane. Usiweke mbele tairi pana kuliko la asili kwa kutaka kifua cha pikipiki kionekane. Usukani utakuwa mzito na pikipiki itakuwa mbishi kuingia kwenye kona.

Sita, soma maandishi mengine ubavuni. Kuna namba ya uwezo wa mzigo: 52, kwa mfano, ni kilo 200 kwa tairi moja. Kuna herufi ya mwendo: P ni kilomita 150 kwa saa, inayotosha na kubaki kwa pikipiki zetu. Kuna mshale wa upande wa kuzunguka. Na kuna tarakimu nne za tarehe: 1223 ni wiki ya 12 ya mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Kwa pikipiki za kale hili ni kubwa, kwa sababu vipimo vyake haviulizwi mara kwa mara, basi tairi huweza kukaa rafuni miaka mingi na likauzwa kwa jina la jipya. Likiwa na nyufa ndogo ubavuni, liache. Tyubu nayo iwe ya kipimo hicho hicho.

Najua mtaniuliza: mbona pikipiki kubwa za siku hizi zina tairi pana sana? Ni kweli. Lakini zimeundwa hivyo tangu mwanzo: rimu pana, mikono ya nyuma mipana, injini yenye nguvu mara kumi na zaidi ya Bantam. Tairi lile ni jibu la swali la pikipiki ile. Sisi tunalichukua jibu la mwenzetu na kulibandika kwenye mtihani wetu. Hapa shuleni tulikuwa tunaitaje tabia hiyo? Mwalimu wa zamu aliijua, na fimbo yake iliijua.

Ndugu Mwenyekiti, naomba jambo moja la vitendo. Kabla ya msafara wetu, kila pikipiki ikaguliwe na tuandike kwenye karatasi: upana wa rimu, kipimo cha tairi, nafasi iliyobaki, tarehe ya tairi. Isiyotimiza isiende, hata kama mwenyewe ni mheshimiwa. Hata kama ni mimi.

Kwa wadogo zangu mnaosoma: wengi wenu mtaendesha pikipiki kabla hamjamiliki kitu kingine chochote, na baadhi yenu mtabeba abiria kwa kutafuta riziki. Fundi mwenye mikono yenye mafuta akikwambia neno, msikilize kwanza, halafu pima. Elimu mnayopewa hapa inawapa uwezo wa kupima na kujua kama alilosema ni kweli. Mimi nilikuwa na elimu hiyo nikaiacha mfukoni.

Pikipiki ya Babu iko nje, chini ya mti ulio mbele ya bwalo. Ina 3.00-18 mbele na nyuma, kama alivyoinunua. Aliyeileta kutoka Mbeya jana ni mdogo wangu, na ndiye aliyeketi kule nyuma kabisa. Baada ya chakula atawaonyesha jinsi ya kupima rimu. Njooni na rula.