Kuwanyima Bakteria Mawasiliano
(Maneno ya Mfamasia wa Wilaya katika kikao cha waganga wa tiba asili na wahudumu wa afya)



Stafilokoka, bakteria wa vidonda na majipu, hutoa kemikali wanapoishi pamoja. Wakiwa wachache, kemikali hiyo ni haba. Wakiongezeka hujaa, nayo huwa ishara ya kumwaga sumu. Antibaotiki huwaua, lakini wanaonusurika huzaliana, na usugu huenea.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, wakiongozwa na Cassandra Quave, walitangaza njia nyingine. Quave alijifunza kwa wenyeji wa vijiji vya kusini mwa Italia, wanaotibu ngozi kwa majani ya mti wa chesnati. Dondoo ya majani hayo haikuwaua stafilokoka; iliziba ishara yao. Panya wa maabara waliopewa dozi moja walipona vidonda, na bakteria hawakujenga usugu.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, ujuzi wa wazee ni hazina: mpelekeeni Mratibu wa Tiba Asili jina la mti, sehemu itumikayo na namna ya kuiandaa, usije ukazikwa na mwenyewe. Pili, kupona kwa panya si ruhusa ya kufunga majani mabichi juu ya kidonda cha mtu. Kidonda chenye usaha, homa au uvimbe unaosambaa kifikishwe zahanati siku hiyo hiyo, na aliyeandikiwa antibaotiki amalize dozi.

Bakteria hutushinda kwa kuwasiliana. Mganga na zahanati nao wawasiliane.