Samaki kwa Spinachi na Mchuzi wa Jibini



Samaki afikaye Kariobangi kutoka Ziwa Victoria amesafiri mbali, basi anunuaye sharti amchungue kwanza. Samaki mzuri ana macho maangavu na matamvua mekundu, na nyama yake ikibonyezwa hurudi upesi.

Vipande vyake huchemshwa polepole katika maziwa. Spinachi hupikwa kidogo tu kwa maji machache, maana ikichemshwa sana na maji yakamwagwa, vitamini hupotea. Kisha kijiko cha unga wa ngano hukaangwa katika siagi, hutiwa maziwa yale ya samaki, na mwisho jibini iliyokunwa. Jibini ikiwa ghali, maziwa yatosha.

Ugali peke yake hushibisha mtoto, lakini haumjengi mwili.